Naidai Rege: Fanani, Deni na Kelele katika Jangoli ya London

Mwaka 2006 kampuni ya Rephlex ya Uingereza ilitoa albamu iitwayo "Killing Sound". Walioitengeneza ni wawili: Kevin Martin, ambaye wapenzi wa muziki wanamfahamu zaidi kwa jina la The Bug, na John Bolloten wa mji wa Bradford, ajulikanaye kama The Rootsman. Kwa pamoja walijiita Razor X Productions. Juu ya midundo yao wameghani waghani kadhaa wa raga, akiwemo Warrior Queen wa Jamaika. Ukiisikiliza kwa mara ya kwanza utadhani spika zako zimepasuka. Hazijapasuka. Ndivyo ilivyokusudiwa.

Jina lenyewe ni mtego kwa mfasiri. Linaweza kuwa "sauti inayoua". Linaweza pia kuwa "kuua sauti". Na kwa Wajamaika neno hilo la pili lina maana ya tatu, yaani saundi, kile kikundi chenye spika zake, amplifaya zake, sanduku la santuri na waghani wake. Kwa maana hiyo ni kuiua saundi ya mpinzani, kuishinda mbele ya watu. Kiingereza kinazibeba maana zote tatu bila kutoa jasho. Kiswahili kinakulazimisha uchague, na ukishachagua umekwisha kutoa uhakiki. Sisi humu tunachagua "kuua sauti", kwa sababu historia iliyoizaa albamu hii ni historia ya sauti za watu zilizochukuliwa, zikakatwakatwa, zikafukuzwa ukumbini, halafu zikarudishwa kwa namna ya ajabu. Swali letu ni la kifasihi: katika muziki huu fanani ni nani? Na kuna swali la pili ambalo haliko mbali na hilo: nani anamdai nani?

Wapo wenzetu katika semina wanaoshikilia kwamba fasihi simulizi ikishanaswa na mashine imekwisha kufa, kilichobaki ni maiti ya kuchunguza. Hoja hiyo ina nguvu zake, lakini Jamaika inaipa taabu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ilianza Kingston desturi ya kuweka upande wa pili wa santuri mdundo uleule wa wimbo, mwimbaji akiwa ameondolewa. Upande huo waliuita vasheni. Mghani alisimama mbele ya hadhira, dijei akaweka vasheni, naye akajaza pengo kwa maneno yake, akiwataja waliopo, akiwasifu, akiwatania, akiwapasha. Mwaka 1970 U-Roy alirekodi kwa mtayarishaji Duke Reid juu ya midundo ya nyimbo zilizokuwa zimekwisha kupendwa, na nchi nzima ikamsikia. Hapa mashine haikumfuta fanani. Ilimtengenezea jukwaa. Mwimbaji wa kwanza, hata hivyo, aliyeondolewa ili mwenzake apate nafasi, huwa hatajwi sana. Tukumbuke hilo, maana deni linaanzia hapo.

Uingereza ilipokea desturi hii kwa meli. "Empire Windrush" ilitia nanga Tilbury Juni 1948, na katika miaka ya 1950 saundi za Wajamaika zikaanza kupiga London, kwenye nyumba za watu na vyumba vya chini ya ardhi, kwani kumbi nyingi hazikuwataka watu weusi. Watoto wao ndio waliokuza mtindo wa kwao wenyewe. Katika saundi ya Saxon, London ya kusini, waghani kama Peter King, Papa Levi, Smiley Culture na Tippa Irie walianza kughani kwa kasi ambayo hata Kingston iligeuka kusikiliza. Mwaka 1984 Smiley Culture alitoa "Cockney Translation", wimbo ambao mghani anafanya kazi ya mkalimani kati ya Kiingereza cha wazungu wa mashariki ya London na Kijamaika. Ningependa siku moja mtu wa isimujamii auchambue peke yake. Mwaka 1985 huko Jamaika ukaja mdundo wa Sleng Teng, uliotoka kwenye kinanda kidogo cha Casio, na rege ikaingia enzi ya mashine. Ndiyo raga hiyo.

Upande mwingine wa ukoo huu ni Mmarekani. Mwaka 1969 bendi ya The Winstons ya Washington ilitoa santuri ndogo. Upande wa kwanza ulikuwa "Color Him Father", uliopendwa sana na kupata tuzo ya Grammy. Upande wa pili ulikuwa wimbo wa kujazia, usio na maneno, "Amen, Brother". Katikati ya wimbo huo wenzake wananyamaza, na mpiga dramu Gregory Coleman anapiga peke yake kwa muda wa sekunde 7 hivi. Baa nne, basi. Mwaka 1986 wimbo huo uliingizwa katika mfululizo wa santuri wa "Ultimate Breaks and Beats", uliokusanya vipande vya namna hiyo kwa ajili ya madijei, na kuanzia hapo sekunde 7 za Coleman zikawa mali ya kila mwenye mashine ya kunyofoa sauti.

Mashine hizo zilikuwa na kumbukumbu ndogo mno. Akai S950, iliyotumika sana, ilibeba kilobaiti 750 tu kabla ya kuongezewa. Kijana aliyenunua iliyokwisha kutumika hakuweza kuhifadhi wimbo mzima; aliweza kuhifadhi kipande cha dramu, sentensi moja ya mghani, mlio wa king'ora. Kwa hiyo alikata. Alimkata Coleman pigo kwa pigo, akaupanga upya mpangilio ambao mkono wa binadamu usingeweza kuupiga, akauongeza kasi kutoka mapigo 136 hivi kwa dakika hadi 160 na zaidi. Chini yake aliweka besi ya rege iendayo kwa nusu ya mwendo huo. Hapo ndipo siri ya ndoa ya raga na muziki huu ilipo, na ni siri ya hesabu tu: masikio yako yanapata mienendo miwili kwa wakati mmoja, wa dramu unaokimbia na wa besi unaotembea, na mghani wa raga hukaa juu ya ule unaotembea. Muziki huo waliuita "jungle", yaani msitu. Humu tunauandika jangoli, ingawa najua kuna watakaocheka.

Mwaka 1991 ndugu wawili, Deman Rockers na Flinty Badman, waliokuwa waghani wa saundi ya Unity, walitoa albamu kwa kampuni ndogo ya Shut Up and Dance ya Hackney. Walijiita Ragga Twins. Albamu hiyo inaitwa "Reggae Owes Me Money", ambayo nimeitafsiri "Naidai Rege". Nadhani hakuna kichwa cha albamu kinachoeleza hali ya fanani wa mjini kwa ufupi kuliko hicho. Umeghani miaka, umewachezesha watu hadi asubuhi, mfukoni hakuna kitu. Basi unahama, unaenda kutafuta chako kwa wapiga muziki wa kasi. Historia nyingi za jangoli zinaanza na mashine. Kwa maoni yetu ingefaa zianze na malalamiko haya.

Kati ya 1992 na 1994 jangoli ya raga ilikuwa muziki wa mitaa ya London hasa. Redio za magendo kama Kool FM, iliyoanza Hackney mwaka 1991, zilipandisha minara yake juu ya maghorofa ya halmashauri na kurusha matangazo mwisho wa wiki. Nyimbo mpya zilichongwa kwanza kwenye dabpleti, santuri laini inayochakaa baada ya kupigwa mara kadhaa, na dijei aliyekuwa nayo peke yake alitamba nayo. Na hadhira ilikuwa na madaraka. Wimbo ukiwakuna, watu walipiga kelele, wakapuliza filimbi na vuvuzela za gesi, na dijei alilazimika kuurudisha mwanzo. Hebu tulitazame jambo hili kwa macho ya mhakiki. Sauti iliyomo ndani ya santuri ni ya mtu aliyeko Kingston, pengine hajui kwamba amenyofolewa. Mbele yake kuna dijei. Pembeni kuna emsii anayeghani papo kwa papo juu ya sauti hiyo. Na chini kuna umati wenye haki ya kusimamisha utendaji na kuamuru uanze tena. Mafanani watatu, na hadhira iliyo fanani wa nne. Anayesema maiti na aje aonyeshe maiti iko wapi.

Wakati huohuo Bunge la Uingereza lilipitisha, mwaka 1994, sheria ya haki ya jinai na utulivu wa umma. Kifungu chake cha 63 kiliwapa polisi uwezo wa kutawanya mikusanyiko ya usiku ya watu 100 au zaidi kwenye maeneo ya wazi, na kikaingia kazi ya kufafanua muziki: kikataja midundo inayojirudiarudia. Sheria hiyo ililenga zaidi sherehe za mashambani kuliko kumbi za jangoli za mjini. Lakini kwa mwanafunzi wa fasihi ni kitu cha kuhifadhi: takriri imeandikwa katika sheria kama dalili ya fujo.

Sasa tufike kwenye ugomvi wenyewe. Mwaka huohuo wa 1994, kijana mtayarishaji M-Beat alimweka studio mghani General Levy, mtoto wa London, katika wimbo "Incredible". Kumbuka kwamba hadi hapo sauti nyingi za raga katika jangoli zilikuwa za kunyofoa. Huyu alikuja na miguu yake, akaghani mwanzo hadi mwisho, jina lake likaandikwa kwenye jalada. Wimbo ulifika nafasi ya 8 katika chati ya Uingereza. Gazeti la The Face likamhoji, naye akanukuliwa kwa maneno ambayo watu waliyaelewa kwamba yeye ndiye anayeiendesha jangoli. Balaa. Madijei na watayarishaji wakubwa walikutana, wakakubaliana kutoupiga wimbo huo. Aliyekuwa juu kabisa akajikuta amefungiwa mlango na wale waliotengeneza umaarufu wao juu ya sauti za watu kama yeye.

Madijei walikuwa na hoja, tusiwaonee. Walikuwa wameujenga muziki huu kwa miaka bila msaada wa magazeti, na mtu aliyekuja juzi kudai usukani aliwaudhi. Tena kujigamba kwa Levy si jambo geni: majigambo ni sehemu ya utanzu wa mghani, na mghani asiyejigamba hajui kazi yake. Kosa lilikuwa kuyatoa majigambo ukumbini, ambako kila mtu anajua ni majigambo, na kuyaweka kwenye ukurasa wa gazeti, ambako yanasomwa kama taarifa. Hilo ni somo zuri la tofauti kati ya utendaji na maandishi. Hata hivyo mimi naona kuna jambo zaidi. Sauti iliyonyofolewa haidai. Haiombi nauli, haihojiwi na gazeti, haiulizi jina lake liko wapi. Levy alikuwa sauti iliyoota mwili, na mwili ukaanza kusema "mimi". Sina uhakika kama kosa lake lingekuwa dogo zaidi hata angekuwa mnyenyekevu.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Wengi wakaanza kuziondoa sauti za raga. Jina nalo likabadilika, jangoli ikaitwa dramu na besi, na tawi mojawapo wakalipachika sifa ya "yenye akili". Goldie alitoa "Timeless" mwaka 1995, Roni Size na kundi la Reprazent wakapata tuzo ya Mercury mwaka 1997 kwa "New Forms". Ni kazi nzuri, nazisikiliza hadi leo, na hazikukosa waimbaji. Lakini sifa hiyo ya akili inaudhi. Ikiwa jangoli isiyo na mghani ndiyo yenye akili, basi yenye mghani ilikuwa na nini? Sisi tunaosoma fasihi simulizi tunaufahamu vizuri mwiko huu. Kilichosemwa kwa mdomo ni ghafi, ni cha mtaani, hadi mtu akisafishe.

Kuna waliokataa kusafishwa. Berlin, Alec Empire wa kundi la Atari Teenage Riot aliichukua jangoli na kuivuruga kwa makusudi, akaanzisha kampuni ya Digital Hardcore mwaka 1994. Ilikuwa miaka ambayo Wanazi mamboleo walikuwa wakiwashambulia wageni Ujerumani, kama ilivyotokea Rostock Agosti 1992, na kelele zake zilikuwa na anwani. London, katika jengo lililokaliwa bila kibali huko Brixton, namba 121 Railton Road, zilifanyika kati ya 1994 na 1996 sherehe zilizoitwa Dead by Dawn, ambako muziki mkali kupita kiasi ulipigwa ghorofa ya chini huku juu kukiwa na mazungumzo ya siasa. Baadaye, mwaka 1997, kampuni ya Ambush ya DJ Scud na Aphasic ikaanza kutoa santuri ambazo ndani yake mghani wa raga anasikika kama anapiga simu kutoka kwenye nyumba inayoungua.

Ni katika mstari huu tunaweza kuiweka "Killing Sound". Mtaalamu atanisahihisha kwamba kwa dramu zake albamu hii si jangoli. Mdundo wake ni wa raga ya dansi, na hakuna mbio za mapigo 160. Kweli. Lakini ni mtoto wa nyumba hiyo. Kevin Martin alitoka upande wa kelele: kabla ya hapo alikuwa na kundi la God, na Techno Animal pamoja na Justin Broadrick. Bolloten alitoka upande wa rege na dabu. Walianza kwa santuri ndogo ndogo za mghani mmoja mmoja, kama Jamaika inavyofanya, na albamu ikazikusanya.

Wanafanya nini hasa? Kukwaruza sauti ni jambo la kiufundi na lina maelezo mepesi. Amplifaya ikilazimishwa kubeba zaidi ya uwezo wake, vilele vya mawimbi ya sauti hukatwa. Kilichokuwa laini na kilichokuwa kikali vinakaribiana, na sauti mpya kali zinazaliwa katikati. Katika jangoli ya 1994 kila mmoja alikuwa na chumba chake: besi chini, dramu juu, mghani katikati. Razor X wamebomoa kuta. Mdundo umepanda hadi mahali pa mghani, na mghani hana budi kupigania kila silabi. Wahakiki wengine wamesema kelele hizo ni fani tupu, ati zimeficha maudhui. Napingana nao. Ugumu wa kusikika ndio maudhui. Historia nzima niliyoisimulia, ya mghani anayeondolewa, anayenyofolewa, anayefungiwa mlango, imegeuzwa hapa kuwa hali ya sauti yenyewe. Tofauti kubwa ni kwamba safari hii mghani yumo studio, ameitwa, ametajwa kwa jina, na anapigana na mashine ana kwa ana.

Msikilize Warrior Queen. Katika raga nyingi mwanamke huzungumzwa. Anaangaliwa, anasifiwa kiuno, anatukanwa. Yeye anaingia juu ya mdundo mkali kuliko wote, na sauti yake, kwa kuwa ni ya juu, ndiyo inayopenya mkwaruzo vizuri kuliko za wanaume. Fizikia imempendelea kwa mara moja.

Lakini uhakiki wa kweli haukomei kwenye sifa. Raga ina hazina kubwa ya maneno ya kuua. Mengi ni sitiari za mashindano ya saundi, na anayesikiliza kwa masikio ya mgeni hushtuka bure. Mengine si sitiari. "Boom Bye Bye" ya Buju Banton, iliyotoka 1992, ilishangilia kupigwa risasi kwa mashoga, ikaleta maandamano ya miaka mingi, hadi mwimbaji mwenyewe mwaka 2019 akaiondoa katika orodha ya nyimbo zake. Watayarishaji wa Ulaya waliopenda ukali wa sauti hizo waliwahi kujitetea kwamba wao wanachukua sauti, si maneno. Utetezi huo nausikia na siukubali. Ukimnyofoa mtu maneno yake ukabakiza mngurumo tu, umemfanya ngoma. Ukimleta studio, kama Razor X walivyofanya, umekubali pia kubeba anachosema. Nadhani ndiyo sababu "Killing Sound" inachosha kwa njia ambayo jangoli ya kunyofoa haichoshi. Vitisho vinafuatana bila kupumzika, na baada ya nusu saa unatamani mtu aseme jambo jingine. Miaka miwili baadaye, katika "London Zoo" ya 2008, The Bug aliupata uwiano: kelele zimepunguzwa, waghani wamepewa nafasi ya kuulalamikia mji wao. Anayefungua albamu hiyo, kwa wimbo "Angry", ni Tippa Irie. Yuleyule wa Saxon.

Kwa wasomaji wa huku kwetu kuna uzi mmoja mfupi wa kuongeza. Mwaka 2024 Kevin Martin alitoa "Disconnect" pamoja na KMRU wa Nairobi, mjukuu wa mwimbaji maarufu wa Kikuyu Joseph Kamaru na anayebeba jina lake. Ni muziki wa polepole, mzito, wala si raga. Majina yote mawili yako kwenye jalada.

Na sekunde 7? Zimetumika katika maelfu ya nyimbo. Richard Spencer, kiongozi wa The Winstons na mwenye haki ya wimbo, hakulipwa chochote na wanyofoaji kwa miongo kadhaa. Mwaka 2015 wapenzi wa muziki nchini Uingereza walimchangia, zikapatikana paundi 24,000, wakampelekea. Gregory Coleman, aliyezipiga, hakuwepo kuchangiwa. Alifariki Atlanta, hana makazi, mwaka 2006, mwaka uleule "Killing Sound" ilipoingia madukani.